Lengo la Somo: Utamjuaje Mtoto Aliyefika?

Mwalimu mwenzangu wa madarasa ya chini, fungua andalio lako la somo la wiki hii usome ule mstari wa lengo. Kama umeandika "mwanafunzi aelewe hadithi", utamjuaje aliyeelewa kati ya watoto tisini? Ukiwauliza, wote watakuitikia "Ndiyo mwalimu!"

Mimi nafundisha darasa la pili. Lengo langu la kusoma nimeliandika hivi: kila mwanafunzi asome kwa sauti aya fupi ambayo hajapata kuiona, kisha ajibu maswali mawili kuhusu aya hiyo bila kuitazama tena. Sharti la aya ngeni silegezi hata kidogo. Nilikuwa na mtoto aliyesoma ukurasa mzima wa kitabu bila kukwama, kidole kikifuata mistari. Nilipotazama kwa karibu, kidole kilikuwa kwenye "kisima" na mdomo unasema "ndoo". Nikayaandika maneno yaleyale kwenye karatasi kwa mpangilio mwingine. Akanyamaza. Ukurasa ule aliukariri kwa kuwasikiliza wenzake, na tungeendelea kusoma kwa pamoja angefika darasa la nne bila mtu kujua.

Ndiyo maana naipenda njia ya Uwezo, upimaji wa kusoma na kuhesabu kwa watoto uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda. Watu wa kujitolea walikwenda majumbani, wakamsikiliza mtoto mmoja mmoja: silabi, maneno, aya, hadithi. Vyote vilikuwa vya kiwango cha darasa la pili, hata kwa mtoto aliyeko madarasa ya juu. Ngazi hizo nimezihamishia kwenye daftari langu. Mbele ya kila jina naandika ngazi aliyofika na kinachomkwamisha: "Maneno, anakwama kwenye nyw na mbw." Alama 60 kwa 100 hainiambii kesho nimfundishe nini. Maneno hayo machache yananiambia.

Najua utauliza muda unatoka wapi. Kila siku ya shule, wengine wakiwa wanaandika zoezi, ita watoto sita mezani kwako, mmoja baada ya mwingine, dakika mbili kila mmoja. Darasa la watoto tisini litakwisha ndani ya wiki tatu, halafu unaanza upya na aya nyingine. Msikilize kwa utulivu, usimrukie kwa kumsahihisha kila neno, maana mtoto akiogopa utapima woga wake. Wala usitangaze ngazi ya mtu mbele ya wenzake.

Ukishajua, panga upya. Waliokwama kwenye silabi wape kadi za silabi na nusu saa yao peke yao kila siku, hata kama azimio la kazi linasema darasa limeshafika kwenye hadithi. Mzazi akija kuulizia maendeleo, weka pembeni karatasi ya mtihani. Mwite mtoto, mpe aya mpya, asome mzazi akisikia.