Picha Tano kwa Saa Moja: Kuwapeleka Wanafunzi Kwenye Jumba la Sanaa

Mwalimu mmoja wa Gredi ya 5 kutoka Kiambu ameniandikia. Ana wanafunzi 44, basi moja la shule, na mwalimu mkuu aliyekubali kwa shingo upande kumpa siku moja ya kuwaleta Nairobi kuona sanaa. Anauliza: "Nifanyeje ili wasirudi wakisema waliona nyoka wa bustani ya makumbusho tu?" Walimu wengi wana swali hilohilo, kwa hiyo namjibu hapa ili na wengine wafaidike.

Mwalimu, waonyeshe picha tano. Tano tu, kwa saa moja. Najua utaambiwa kwamba mmetoka mbali, mmelipa nauli na kiingilio, basi mzunguke kila chumba. Usikubali. Darasa linalozungushwa vyumba vyote huona migongo ya wenzao na visigino vya mwalimu.

Sisemi hivyo kwa kukisia. Jumba la sanaa la Crystal Bridges lilipofunguliwa mwaka 2011 mjini Bentonville, katika jimbo la Arkansas nchini Marekani, shule zilizoomba ziara zilizidi nafasi zilizokuwapo. Watafiti Jay Greene, Brian Kisida na Daniel Bowen wakaitumia hali hiyo: shule zikachaguliwa kwa bahati nasibu, zilizopata zikaenda, zilizokosa zikangoja, kisha wanafunzi wa pande zote mbili wakapimwa. Walikuwa karibu 11,000 kutoka shule 123. Ziara yenyewe ilikuwa ya saa moja, na kwa kawaida wanafunzi walitazama na kujadili picha tano. Wiki kadhaa baadaye, asilimia 88 ya waliokuwa wameuona mchoro mmoja wa Eastman Johnson walikumbuka kwamba unahusu wapinzani wa utumwa waliojitengenezea sukari ya utomvu wa miti, ili kuipiga vita biashara ya sukari iliyotegemea jasho la watumwa. Hawakupewa mtihani wa kuwafanya wakariri. Waliketi mbele ya mchoro na kuuzungumzia, basi. Na waliofaidika zaidi katika kuchambua walichokiona walikuwa watoto wa shule za vijijini. Wanaosema sanaa ni anasa ya shule za mjini zenye pesa wana la kujibu hapo.

Sasa tuje Nairobi. Kwa watoto 44 chagua kati ya sehemu tatu. Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill yana nafasi, bustani ya kulia chakula na maegesho ya basi. Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, limesimama kando ya Nyayo House na lina mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Mkusanyo huo ni wa thamani kubwa, lakini vyumba ni vidogo, na watoto 44 wakiingia kwa pamoja hakuna atakayeona kitu. Igawe safari: nusu ndani, nusu nje wakichora jengo lenyewe, kisha wabadilishane. Ya tatu ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ambako nako kuna vitu vya Murumbi kwenye ghorofa ya chini. Tatizo lake ni barabara. Basi haliwezi kusimama pale kwa muda mrefu, kwa hiyo lazima ujue mapema watoto watashukia wapi na dereva atawangojea wapi. Kwa mwalimu anayefanya ziara hii kwa mara ya kwanza, Museum Hill ndipo mahali pa kuanzia.

Nenda wewe kwanza, peke yako, kabla hujapeleka barua ya maombi. Hatua hii ndiyo walimu wengi huiruka, na ziara nyingi huharibikia hapo. Ukifika mbele ya picha unayoitaka, chuchumaa. Kwa kawaida picha hutundikwa katikati yake ikiwa kwenye sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Macho ya mtoto wa Gredi ya 5 yako chini ya hapo, na ya mtoto aliyeketi sakafuni yako chini zaidi. Ukiwa umechuchumaa ndipo utagundua kwamba kioo cha picha kinarudisha mng'ao wa taa na hakuna kinachoonekana. Picha ya namna hiyo iache, hata kama ni maarufu. Hakikisha pia kwamba mbele yake pana nafasi ya watoto 11 kuketi safu mbili bila kuziba njia. Kisha muulize mhudumu kama kazi hiyo itakuwa bado ukutani siku yenu, maana maonyesho hubadilishwa.

Kwa Museum Hill, kazi mbili zinawafaa watoto wa umri huu. Ya kwanza ni ramani ya Kenya iliyotengenezwa kwa vipepeo halisi. Wataanza kwa kutafuta kaunti yao, na kutoka hapo ni rahisi kuwauliza kwa nini rangi fulani imewekwa mahali fulani. Ya pili ni mojawapo ya picha za watu wa Kenya zilizochorwa na Joy Adamson. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwagiza achore watu wa jamii mbalimbali pamoja na mavazi na mapambo yao, kwa kuwa mengi yalionekana kuelekea kutoweka. Waulize watoto: huyu amevaa hivi kila siku, au amevalia kwa ajili ya kuchorwa? Nani aliamua achorwe hivi? Mtoto wa miaka kumi anaweza kabisa kulijadili hilo. Kazi tatu zilizobaki chagua mwenyewe, na moja iwe kitu cha kuzungukwa pande zote, cha mti, jiwe au chuma, maana watoto waliochoka kuketi huamka wakipewa kitu cha kuzunguka.

Tatizo la nyoka linatatuliwa na ratiba. Bustani ya nyoka iko palepale, na uani amesimama Ahmed, sanamu ya tembo wa Marsabit aliyekufa mwaka 1974 akiwa chini ya ulinzi wa amri ya rais. Watoto watamwona, watamkimbilia. Waambie tangu shuleni: kwa Ahmed ni dakika tano mara tu mkifika, kwa nyoka ni mwisho baada ya chakula. Mtoto akijua saa ya nyoka hatawaulizia njia nzima. Usipomwambia atakuwa anawawaza mbele ya kila picha.

Makundi: gawa 44 kwa 4, watoto 11 kila kundi, kila kundi na mtu mzima mmoja. Awepo na mtu mzima wa tano asiye na kundi. Yeye ndiye wa kumpeleka mtoto msalani, kukaa na aliyetapika garini, kuzungumza na walinzi. Ziara yenye watu wazima wanne kwa makundi manne huvurugika mtoto wa kwanza anapotaka kwenda haja. Mzazi anafaa, ila umkabidhi maswali kwenye karatasi siku mbili kabla, umweleze kwamba kazi yake ni kuuliza na kungoja.

Kila kundi lianzie kituo chake: la kwanza picha ya 1, la pili picha ya 2, na kuendelea. Kwa kuwa makundi ni manne na picha ni tano, kila wakati kuna kituo kimoja kitupu. Hicho ndicho kinachokuokoa kundi moja likichelewa. Dakika kumi kila picha, mbili za kuhama. Mtu wa tano atoe ishara kwa mkono, asipige filimbi.

Katika hizo dakika kumi, mbili za kwanza ni kimya kabisa. Zitaonekana ndefu kwako kuliko kwa watoto, usizikatize. Kisha tumia maswali matatu yaliyobuniwa na mwanasaikolojia Abigail Housen na mwelimishaji wa makumbusho Philip Yenawine, ambayo majumba mengi ya sanaa duniani huyatumia: Ni nini kinaendelea kwenye picha hii? Umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Tunaweza kuona nini zaidi? La pili ndilo lenye nguvu. Mtoto akisema "huyu mama ana huzuni", usimsifu wala usimsahihishe, muulize ameona nini. Atakuonyesha mdomo, mabega, mikono. Hapo ameanza kusoma picha. Maelezo ya ukutani yasomwe katika dakika mbili za mwisho. Yakisomwa mwanzoni, hakuna mtoto atakayetazama tena, kwa kuwa jibu keshapewa.

Kwa sababu hiyohiyo achana na karatasi ya maswali ishirini. Inaniuma kuona watoto wamejipanga ukutani wakinakili jina la msanii na mwaka, wameipa picha kisogo. Karatasi hiyo humpa mwalimu kitu cha kusahihisha na mwalimu mkuu kitu cha kuona, na mtoto anaambulia patupu. Mpe karatasi moja yenye kisanduku kitupu cha upana wa kiganja na mistari mitatu chini yake. Achore sehemu moja tu ya kazi moja, jicho, kwato au pindo la nguo, na aandike kwa nini aliichagua.

Penseli tupu, kalamu zibaki garini. Alama ya penseli kwa mkono wa mtaalamu inaweza kufutika, wino hauondoki kirahisi. Karatasi ibanwe kwenye kadibodi ngumu, kwa sababu mtoto asiye na cha kuegemea ataegemea ukuta au kioo. Mabegi pia yabaki garini. Mtoto mwenye begi mgongoni akigeuka hajui begi limegonga nini. Chupa za maji vilevile, na chakula kisiingie kabisa, maana makombo huita mende na panya, na wadudu wakishaingia huhamia kwenye ngozi, manyoya na vitambaa.

Waeleze sababu hizi darasani kabla ya safari. "Usiguse" bila sababu ni changamoto kwa mtoto. Waambie kwamba vidole vina mafuta na chumvi ya jasho, kwamba chumvi hiyo hula chuma polepole na mafuta huacha doa kwenye mti na karatasi. Waeleze pia kwa nini baadhi ya vyumba vina mwanga hafifu: picha za rangi ya maji na vitambaa kwa kawaida huwekewa mwanga usiozidi luksi 50, kiasi kidogo sana kuliko wa darasani, kwa kuwa mwanga hufifisha rangi na rangi ikishafifia hairudi. Watoto wanaojua hayo hugeuka walinzi wa wenzao.

Barua ya maombi ipeleke wiki tatu kabla: idadi, gredi, saa, mahitaji ya mtoto asiyeweza kupanda ngazi au asiyesikia, na orodha ya kazi zenu tano. Andika wazi kwamba mwelekezi mnamhitaji kwa dakika kumi za kuwakaribisha, kisha awe karibu kwa maswali. Usipoandika, atawahutubia kwa dakika arobaini kwa nia njema kabisa. Malipo ya makumbusho ya serikali hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kwa hiyo yamalizeni shuleni, msikae langoni mkihangaika na simu. Milango hufunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Lengeni kuanza saa tatu, siku ya Jumanne hadi Alhamisi, na muepuke wiki za mwisho wa muhula ambapo kila shule iko safarini.

Siku inayofuata, kabla ya kuwaonyesha picha yoyote mliyopiga, waambie wachague kazi moja kati ya zile tano na waichore kwa kumbukumbu. Wape dakika kumi na tano. Kisha wapange waliochagua kazi moja wakae pamoja na walinganishe: nani kakumbuka mkono ulikuwa wapi, nani kaongeza ambacho hakikuwapo. Watabishana. Waache wabishane, na picha mliyopiga itoe mwishoni kabisa.