Maswali na Majibu: Treni Zilizogonganishwa Makusudi

Bwana Mhariri, ni kweli Marekani waliwahi kugonganisha treni ili watu watazame? (Msomaji, Kondele)

Ni kweli. Tarehe 15 Septemba 1896, miaka 5 kabla ya reli kufika Kisumu, kampuni ya Missouri-Kansas-Texas iligonganisha treni mbili kuukuu huko Texas kwa shauri la wakala wake wa abiria, William Crush. Kutazama kulikuwa bure. Kampuni ilitegemea nauli ya dola 2, na watu wapatao 40,000 wakafurika. Kwanza vichwa vya treni vilisogezwa hadi vikagusana ili vipigwe picha, mithili ya fahali wa Khayega wanaonusana kabla ya pambano, kisha vikarudishwa nyuma, vikaachiliwa kwa kasi, na madereva wakaruka chini salama.

Ikiwa treni hazikuwa na watu, nani aliumia? (Msomaji, Kakamega)

Watazamaji. Maji ndani ya boila, yaani tangi la kichwa cha treni linalochemsha maji ili kupata mvuke, huwa na joto kupita kiwango cha kuchemka, na kinachoyazuia yasigeuke mvuke ni shinikizo tu. Chuma kikipasuka, yanafoka kwa ghafla na kurusha kila kitu. Waandaaji walikuwa wamehakikishiwa kwamba boila hazingepasuka, lakini zote mbili zilipasuka, vyuma vikauangukia umati, wakafa watu wasiopungua 2, na mpiga picha aliyeajiriwa kwa kazi hiyo akapoteza jicho. Crush alifutwa kazi, kisha akarudishwa upesi. Nadhani mtu aliyejaza mabehewa kiasi kile hakuwa rahisi kuachwa.

Je, mchezo huo ulikoma? (Msomaji, Nakuru)

La. Mwandaaji mmoja wa maonyesho hayo, Joe Connolly, peke yake aligonganisha treni zaidi ya mara 70, hadi mwaka 1932.

Kikundi chetu kinataka kurusha baluni nyingi kando ya ziwa siku ya harambee. Hilo nalo ni hatari? (Msomaji, Kisumu)

Huko Cleveland, kando ya Ziwa Erie, baluni karibu milioni 1.5 zilirushwa tarehe 27 Septemba 1986 katika harambee kama yenu. Mvua na upepo vikazirudisha chini, njia ya ndege ikafungwa, na waokoaji waliokuwa wakiwatafuta wavuvi 2 wakashindwa kutofautisha kichwa cha mtu na baluni majini. Wavuvi hao walikufa. Uwanja wa ndege wa Kisumu nao uko kando ya ziwa, na wavuvi wa Dunga hawapumziki kwa sababu kuna sherehe. Zungumzeni nao kabla ya kununua gesi.