Gunia la mchele kwenye buti

Mdogo wangu, umeniuliza uanzie wapi kwenye kazi hii ya kusimamia maadili ya viongozi. Ibara ya 132 ya Katiba ya Tanzania na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, utazisoma, huna pa kuzikwepea. Mimi nikuambie habari ya gunia la mchele.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikwenda wilayani kuhakiki mali za kiongozi mmoja. Uhakiki ni kazi ya miguu: unashika tamko lake la rasilimali na madeni, unafika shambani, unahesabu nyumba za wapangaji, unaomba hati na mikataba ya mauziano. Mzee alitupokea vizuri mno. Saa saba mkeka ukatandikwa, pilau ikaletwa. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumvunjia heshima, nikala. Jioni tumefika mjini, dereva anafungua buti: gunia la mchele.

Tulilirudisha kesho yake asubuhi. Kilichoninyima usingizi ni kiwanja kimoja ambacho hati yake haikuonekana. Mzee alisema ataituma. Nilipaswa kumuuliza tena, imekwenda wapi, anayo nani, lakini mkono wangu ulikuwa ndani ya sinia lake na ulimi ukawa mzito. Gunia lilirudi kwa mwenyewe. Swali nililimeza, na taarifa yangu ikaandikwa na pengo.

Tangu hapo maswali magumu nayamaliza kabla jua halijafika utosini. Kwenye simu ya kutoa taarifa ya safari nasema mapema, kwa adabu: mzee, tunakuja na chakula chetu, tuwekee maji tu. Hakuna aliyewahi kununa. Ukimwambia mwenyeji siku tatu kabla, heshima yake inabaki. Ukimkatalia sinia likiwa mbele ya mkewe, umemuumiza bure. Na yote uliyoyaona yaandike usiku huohuo, hata kama umechoka.

Jambo jingine: usiende ukitafuta mwizi. Wapo wazee wanaopima kiongozi kwa masharti ya Azimio la Arusha la 1967, ambayo yalimkataza hata kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Sheria ya leo haimkatazi nyumba ya kupangisha, inamtaka aitaje. Vijana wengi wanaliona ghorofa na papo hapo wameshahukumu, kumbe limeandikwa kwenye tamko, ukurasa wa pili, na mkopo wake wa benki umetajwa.

Makosa mengi niliyokutana nayo yalitokana na haraka. Mwisho wa kuwasilisha tamko ni tarehe 31 Desemba, na wapo wanaoanza kujaza usiku wa tarehe 30. Anasahau deni la SACCOS, anasahau kwamba mali ya mwenzi wake nayo inahusika. Mpigie Oktoba. Mkumbushe. Hiyo nayo ni kazi yako, tena naiona ni nusu yake.

Barua zisizo na jina zisome zote, ila usimpigie mtu simu kwa sababu ya barua kabla hujaona karatasi hata moja.

Hati ya kile kiwanja ilikuja baada ya wiki tatu, halali kabisa, kwa jina la mzee. Wiki zote tatu nilikuwa namshuku, na yeye hakuwa na habari.