Kichujio kisicholalamika

Nyinyi mnaoanza kazi ya API (mlango ambao programu nyingine huombea data) hapa Unguja na Pemba, lijueni hili mapema: ukitumia Django REST Framework, zana ya Python ya kujengea API, pamoja na django-filter, nyongeza ya kuchuja orodha, kigezo kisichojulikana kwenye anwani ya ombi hakileti kosa. Kinapuuzwa tu.

Tuseme una orodha ya wakulima wa karafuu, na umeruhusu kuchuja kwa wilaya. Mwenzako wa programu ya simu anaandika `?wilya=Wete`; herufi moja imemponyoka. Seva inajibu 200, yaani mambo sawa, na ndani ya jibu wamo watu wa Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani kwa pamoja. Skrini imejaa majina, kila mtu ameridhika, mpaka ripoti ya Wete itoke na hesabu ya Pemba nzima. Kwangu mimi hili ni baya kuliko 500, yaani kosa la ndani ya seva, maana 500 hujitangaza siku hiyohiyo.

Kwa hiyo majaribio yenu yasiishie kwenye kigezo sahihi. Wekeni wakulima wa wilaya mbili, tumeni jina la kigezo lililokosewa makusudi, muone kinachorudi. Mkitaka likataliwe, linganisheni wenyewe majina yaliyo kwenye ombi na vichujio mlivyovitangaza, mrudishe 400, yaani ombi lina kasoro. Msisahau kuacha nafasi ya `page` (namba ya ukurasa) na wenzake.

Thamani nazo zina mambo yake. Wilaya ikiwa ni maandishi matupu, ulinganisho wa kawaida ni `exact` (sawasawa herufi kwa herufi), na kwenye hifadhidata ya PostgreSQL `wete` si `Wete`: orodha inarudi tupu. Tumieni `iexact`, isiyojali herufi kubwa na ndogo, au bora zaidi, fanyeni wilaya kuwa jedwali lake. Hapo namba ya wilaya isiyokuwepo inakataliwa kwa 400.

Halafu kuna `filterset_fields = '__all__'`, inayoruhusu kuchuja kwa kila safu ya jedwali. Msiiweke, hata kwa haraka ya kumuonesha mkubwa kazi. Kuificha namba ya simu kwenye serializa (sehemu inayopanga data za kurudishwa) hakuzuii mtu kuchuja kwa namba hiyo: anaituma, jina moja linarudi, kashajua ni ya nani. Mkiongeza na `startswith` (inayoanza na), ataipata namba nzima tarakimu baada ya tarakimu. Orodhesheni safu kwa majina, moja moja.

Na sheha anayetakiwa kuona watu wa shehia yake tu, mpaka wake uwekwe ndani ya `get_queryset`, sehemu ya msimbo inayochagua rekodi kabla ya kuchuja, kwa kumtazama aliyeingia. Ukiuweka kwenye kichujio, akikifuta kigezo kwenye anwani anawaona wote.