Mabadiliko ya viza Uingereza: taarifa ni wiki tatu

Dada, umeuliza kama Uingereza inaweza kubadili masharti ya viza wakati wewe bado unahangaika na karatasi. Inaweza. Desturi yao ni siku 21 tangu waraka wa mabadiliko uwasilishwe bungeni mpaka uanze kutumika. Waulize wanaofanya kazi za kutunza wazee: waraka uliwasilishwa Februari 19, 2024, na Machi 11 waombaji wapya wakazuiwa kwenda na mume, mke au watoto. Julai 22, 2025 wakafunga kabisa kuajiri watunzaji kutoka nje. Inaniuma sana, maana mtu anaweza kuwa ameshauza kiwanja amlipe wakala.

Marekani ndiyo balaa zaidi: ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B (viza ya kazi kwa wataalamu kutoka nje) ilisainiwa Septemba 19, 2025, ikaanza tarehe 21.

Kwa Uingereza, kinachookoa wengi ni tarehe ya kutuma maombi. Ukiwahi kabla ya siku ya mabadiliko, kwa kawaida unaamuliwa kwa masharti ya zamani. Soma mwanzo wa waraka wenyewe, sehemu ya utekelezaji. Usitegemee maneno ya wakala.