Utafiti Wako wa Afya Usiishie Kabatini

Anayeanza kazi ya utafiti wa afya ya jamii na sera za jamii Tanzania hukimbilia kuchapa dodoso lake. Subiri. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2022 zipo tayari, na swali moja zuri linatosha kukupa makala ya kwanza bila kutumia nauli.

Ila zina mtego. Zanzibar huwekewa sampuli kubwa kuliko idadi ya watu wake, ili ipate makadirio yake yenyewe. Usipotumia uzito wa sampuli (namba inayorudisha kila eneo kwenye ukubwa wake halisi), wastani wa taifa unavutwa Visiwani. Kwenye faili la wanawake uzito huo umo kwenye safu ya v005. Ugawe kwa 1,000,000 kwanza. Kisha itambulishe programu yako ya takwimu maeneo ya kuhesabia (makundi ya kaya yaliyochaguliwa kwenye sampuli), safu ya v021. Ukiyasahau, asilimia hazibadiliki, lakini kiwango cha makosa huonekana kidogo kuliko kilivyo, na mhakiki makini wa jarida atairudisha makala yako.

Swali zuri linatoka wapi? Chukua CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyotoza kaya ya watu hadi sita shilingi 30,000 kwa mwaka. Anayejua afya peke yake ataandika kwamba watu hawajiungi kwa kukosa elimu (jibu la uvivu, tumelisoma mno). Anayejua na sera atauliza mchango hudaiwa mwezi gani, na mkulima huuza mavuno mwezi gani.

Ukilazimika kwenda uwandani, anza na kibali cha maadili: Bara NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), Zanzibar ZAHRI (Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar). Hakikisha fomu ya ridhaa ya Kiswahili inasema yaleyale yaliyo kwenye andiko la utafiti uliloombea kibali. Zikipishana hata muda wa mahojiano, unarudishwa nyuma. Baada ya hapo barua hushuka ngazi kwa ngazi: mkoa, halmashauri, kata, kijiji. Ukimruka mtendaji wa kijiji, milango itafungwa hata ukiwa na mihuri yote.

Halafu kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi Juni. Matokeo ukiyapeleka Mei utapigiwa makofi tu. Halmashauri zimeshafunga mipango yao. Yafikishe kwa mganga mkuu wa wilaya kabla ya Desemba, kurasa mbili za Kiswahili: tatizo, gharama kwa shilingi, na nani atekeleze. Majedwali mwachie mhakiki.