Mama yuko kwenye kemo na wimbi la tatu la korona limeingia: msimzuie kwenda Dar

Mdogo wangu wa Nachingwea, usithubutu. Umeandika kwamba mama ana saratani ya titi, ameshapata kemo (dawa kali za kuua saratani) za mwanzo Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, na sasa ndugu wanataka akae nyumbani mpaka wimbi la tatu la korona, hili la mwaka 2021, lipite. Unauliza kama ni sawa, ale nini, na Dar mtafikia wapi. Maneno hayo hayo yalisemwa kwetu Masasi mwaka 2020 kuhusu dada yangu mkubwa, na tukayakubali.

Korona ilipoingia nchini Machi 2020, dada alikuwa katikati ya dozi. Uvimbe uliokuwa unajaza kiganja ulishanywea, unautafuta kwa vidole. Shule zikafungwa, stendi zikajaa ndoo za maji ya koki, hofu kila mahali. Akatokea jamaa wa duka la dawa, anavaa koti jeupe na watu wanamwita daktari. Akatuambia: "Kemo inashusha kinga. Mkimpandisha basi mnamuua. Subirini upepo upite." Mjomba akaunga mkono, na huku kwetu mjomba akishasema, kikao kimekwisha.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nusu ya maneno ya yule bwana ni kweli, ndiyo maana yalituingia. Kemo kweli inashusha chembe nyeupe za damu. Hakutuambia nusu ya pili: dozi nyingi za titi hupangwa kila baada ya siku 21 au karibu na hapo, ili damu ipate nafuu huku saratani haijapata muda wa kujikusanya. Ukikatisha katikati, damu inapata nafuu, lakini saratani nayo inapata nguvu upya. Mtu asiyejua hilo anapata wapi ujasiri wa kumzuia mgonjwa wa watu?

WhatsApp nako tukatumiwa kwamba hata Ulaya wamesimamisha matibabu ya saratani. Upotoshaji mtupu! Kilichosimama kwenye nchi nyingi ni upimaji wa wanawake wasio na dalili. Baadhi ya upasuaji ulisogezwa, na wagonjwa wengine wakaanzishiwa vidonge vya homoni kama tamoxifen wakati wanasubiri. Aliyeamua nani asubiri ni daktari wa saratani, mwenye majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kilichokatwa kikapimwa, mkononi.

Dada akakaa. Tukampigisha nyungu za mwarobaini na malimao, blanketi juu, na mdomo bado una vidonda vya kemo. Akisema titi linavuta, tunamwambia ni wasiwasi. Kufika msimu wa minada ya korosho, miezi baadaye, ngozi ya titi ilishapasuka. Kipande cha kanga kinagandia kwenye kidonda, mpaka ukiloweshe kwa maji ya chumvi ndipo kitoke. Tulipovuka daraja la Mkapa pale Rufiji kumrudisha Ocean Road, daktari wake hakutugombeza. Alitazama mistari mitupu kwenye kadi, akauliza, "Mbona hamkupiga simu?" Vipimo vikaanza upya, dawa zikabadilishwa, upasuaji uliokuwa umepangwa ukaondolewa kwa sababu ugonjwa ulishafika kwenye mapafu. Dada yupo, anatumia dawa. Lakini siku hizi hatuambiwi habari ya kupona, tunaambiwa kuutuliza.

Novemba 2020 jarida la utabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi: upasuaji wa saratani ya titi ukichelewa wiki 4 tu, hatari ya kufa inapanda kwa takriban asilimia 8. Sisi tulipoteza miezi.

Kwa hiyo asiye daktari wake wa saratani hana ruhusa ya kuahirisha dozi ya mama, hata awe nani. Damu ikiwa chini, au akiwa anakohoa, daktari ndiye atakayeisogeza, na atawapa tarehe nyingine. Kazi yenu ni barakoa, dirisha la basi liwe wazi, na msindikizaji mmoja tu. Joto likifika 38, msimpe Panadol mkalala. Hospitali usiku huo huo, na mseme yuko kwenye kemo. Chanjo ya korona nayo ilianza nchini Julai 2021. Muulizeni daktari achomwe lini kati ya dozi, na iwe mkono wa upande usio na ugonjwa, maana chanjo inaweza kuvimbisha tezi za kwapani mkadhani saratani imesambaa.

Mjomba akipinga, mpigieni daktari wake, mjomba azungumze naye mwenyewe. Kadi ya mama iko wapi sasa hivi? Angalia tarehe ya dozi inayofuata, uiandike hapa.